Uzi Upande wa Shina

Siku mliyoniaga mliniomba niseme machache, nikasema machache kweli: ahsanteni, Mungu awabariki, keki ni nzuri. Nikakaa. Baadaye, tukiwa tunakunja viti, mmoja wenu akaniuliza, "Mama Chaula, kwa nini kituo chetu kinafunga uzi kabla ya kukata nywele, wakati wengine wanakata kwanza?" Nikamjibu kwamba ni utaratibu. Jibu hilo ni la mtu anayetaka kwenda nyumbani. Sasa niko nyumbani, mahindi yameshapandwa, na sina tena wa kumsingizia kwamba ananisubiri. Nitawaeleza.

Nimezaliwa Makete, chini kidogo ya Kitulo, kwa hiyo nilipopangiwa kazi Njombe mjini nilidhani baridi naijua. Baridi ya kwetu niliijua nikiwa nimevaa sweta tatu na nimekaa jikoni. Baridi ya kuosha chupa za kioo saa moja asubuhi kwa maji ya bomba ilikuwa ngeni kabisa kwangu. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu miezi ya mwanzo: kuosha chupa, kuzikausha, kubandika lebo. Aliyenisimamia alikuwa Mzee Kihombo, Mbena mfupi mwenye kofia ya kusuka ambayo sikuwahi kuiona ikivuliwa, na miwani iliyofungwa kwa kamba ya viatu. Siku ya kwanza hakunionyesha mashine hata moja. Alinipa kalamu.

"Andika jina la mtu juu ya chupa kabla hujatia kitu ndani," alisema. "Ukitia kwanza ukaandika baadaye, utaandika jina unalolikumbuka. Na wewe una watu wangapi kichwani?"

Wakati huo, ili kupima kama mtu ametumia dawa za kulevya, tulipokea damu na mkojo tu. Polisi walituletea, hospitali zilituletea, na waajiri wachache waliokuwa na magari makubwa. Nywele zilikuja miaka mingi baadaye, maabara kubwa ya Dar es Salaam ilipoanza kuzipima na sisi tukaambiwa tuwe tunakata na kutuma. Mzee Kihombo alipelekwa mafunzoni akarudi na begi dogo la kitambaa. Ndani mlikuwa na mkasi, rula, uzi mweupe, foili kama ile ya kufungia kuku wa kuchoma, na bahasha. Niliuliza mashine iko wapi.

"Mashine iko Dar," alisema. "Huku kwetu mashine ni wewe."

Akageuza kalenda ya mwaka uliopita, akatuchorea unywele upande wa nyuma. Nawapa maelezo yake kama alivyoyatoa, maana sijapata bora zaidi. Unywele unaouona juu ya kichwa umekwishakufa. Unaoishi ni ule ulio chini ya ngozi, kwenye kifuko chake, unaolishwa na damu. Mtu akitumia dawa, iwe ya hospitali au ya mtaani, dawa huingia kwenye damu, damu hupita pale chini, na kidogo chake hujengwa ndani ya unywele ukiwa bado laini. Kisha unywele unakua na kuibeba dawa ile juu, kama sentimita moja kwa mwezi. Mkojo unajua habari za siku chache. Nywele zinajua habari za mwaka, ikiwa mwenye nywele hajazikata.

"Kwa hiyo karibu na ngozi ni juzijuzi, na ncha ni zamani," nikasema.

"Sasa umeanza kazi," akanijibu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa kazini.

Alituchorea pia njia za pembeni. Jasho linabeba dawa, na mafuta ya kichwa pia. Moshi wa bangi wa jirani unaweza kukaa juu ya nywele za mtu ambaye hajawahi kuvuta hata sigara, ndiyo maana Dar huziosha kabla ya kupima, na hutafuta si dawa tu bali pia kile ambacho dawa ile hugeuka kuwa ikishapita mwilini. Moshi haupiti kwenye ini la mtu. Dawa za kulainisha nywele za saluni zinaondoa sehemu ya ushahidi, na mvi hushika dawa kidogo kuliko nywele nyeusi. Na kuna jambo ambalo mahakimu wote niliowahi kusimama mbele yao walitamani niwaambie, nami sikuweza: siku. Nywele hazisemi Jumanne. Zinasema takribani miezi ile.

Sampuli yangu ya kwanza ya nywele nilimkata dada mmoja aliyekuja kuomba kazi ya udereva wa kampuni. Alikuwa na nywele ndefu zinazong'aa. Niliona fahari kukata kishungi kizuri vile. Wiki mbili baadaye Dar wakapiga simu. Mtu wa upande wa pili alikuwa anajitahidi kutocheka.

"Mama, mwenye nywele hizi hatumii kitu chochote. Hatumii hata chakula. Ni plastiki."

Nilikuwa nimekata rasta. Tangu siku hiyo nilianza na swali, "Dada, hizi nywele ni zako?" Nikagundua kwamba swali hilo halitoshi, kwa sababu wa pili alinijibu kwa kujiamini kabisa, "Ni zangu, nimezinunua mwenyewe."

Yule dada wa plastiki tulimwomba radhi, akarudi, tukakata zilizoota kichwani mwake, akapata kazi. Nilidhani makosa yangu ya nywele yameishia pale.

Mzee Kihombo alistaafu, akaenda kulima viazi Uwemba, na mimi nikabaki na begi lake la kitambaa. Nilikuwa nimeshakata vichwa vingi nilipoletewa Tumaini.

Tumaini alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwembamba, aliyefanya kazi ya mama lishe Makambako, karibu na yanakoegeshwa malori yanayokwenda Zambia. Miaka miwili kabla ya kuja kwangu alikuwa ameanza kutumia heroini, unga kama wanavyouita, pamoja na mume wake aliyekuwa utingo. Mume akafa kwa unga huohuo. Mtoto wao, Upendo, alikuwa na miaka mitatu. Mama wa marehemu, Bibi Felista, alimchukua mjukuu wake siku ya mazishi, akampeleka kwake kijijini, nje kidogo ya Njombe mjini, na hakumrudisha. Wiki moja baada ya mazishi Tumaini aliacha unga. Alikwenda mwenyewe kwenye soba hausi Mbeya, nyumba ya watu wanaojaribu kuacha, akakaa miezi sita. Alipotoka akarudi Makambako kwenye sufuria zake, na baada ya miezi mitatu ya kupika akaenda mahakamani kumdai mwanawe.

Bibi Felista alipinga. Hakimu, mama mmoja mtulivu sana, akaamuru kipimo cha nywele. Afisa ustawi wa jamii akamleta Tumaini kwetu.

Nakumbuka alivyokaa kwenye kiti. Alivua kitambaa, akainamisha kichwa mwenyewe kabla sijamwambia.

"Kata unazotaka, mama," alisema. "Hata zote. Mimi nataka mwanangu."

"Unataka kuniambia chochote kabla sijakata?"

"Nilikula unga. Nikaacha baada ya kumzika mume wangu. Sijagusa tena. Nywele sijatia dawa yoyote tangu wakati huo, sikuwa na mawazo ya saluni."

Nilikata vishungi viwili kisogoni, karibu kabisa na ngozi, kila kimoja unene wa penseli. Kimoja cha kutuma, kingine cha kubaki kwetu kabatini. Nikavilaza juu ya foili. Nikanyoosha uzi ili nifunge upande wa shina, ule uliokuwa kwenye ngozi, maana uzi ndio unaowaambia Dar waanze kuhesabu miezi wapi.

Mlango ukafunguliwa. Mkuu wa kituo alikuwa na wageni waliokuja kukagua ubora wa kazi zetu, na alitaka niwasalimie. Nilivua glovu nikatoka. Nilisalimia, nikaeleza begi, nikaeleza rula, wakasema vizuri sana. Kama dakika kumi. Nikarudi, nikavaa glovu, nikafunga uzi kwenye vishungi vyote viwili, nikakunja foili, nikaandika. Wale wageni walitupa alama nzuri.

Majibu yalirudi. Dar walikuwa wamezinyoosha nywele, maana nywele zetu zimejikunja na ukizipima zilivyo unapoteza miezi, wakapata sentimita kumi na mbili, wakazikata vipande vinne vya tatutatu. Kipande cha uzi, yaani miezi mitatu ya karibuni: heroini, nyingi. Cha pili: kidogo sana. Cha tatu: hakuna. Cha nne, cha zamani kuliko vyote: hakuna.

Kila aliyesoma alielewa vilevile. Alikuwa msafi, akatoka soba hausi, akarudi kwenye malori, akaanguka. Tunaijua hadithi hiyo. Mimi pia niliisoma, nikasikitika, nikatia saini.

Mahakamani nilieleza kama nilivyoeleza mara nyingi. Bibi Felista alikuwa amekaa benchi la mbele, amevaa kitenge cha kanisani na kofia ya sufu juu yake, mikono mapajani. Niliposema "miezi mitatu ya karibuni," alifumba macho. Sikuona furaha usoni mwake, na hilo lilinishangaza.

Hakimu akamuuliza Tumaini kama ana la kusema. Tumaini akasimama.

"Mheshimiwa, mimi sijasoma. Lakini huyu mama amesema kile kipande cha nne ni cha lini?"

Hakimu akanitazama. Nikasema, "Kati ya miezi tisa na kumi na mbili iliyopita, takribani."

"Na amesema wakati huo nilikuwa safi?"

"Kipimo hakikuona kitu wakati huo," nikasema.

"Basi amekosea," alisema Tumaini. "Wakati huo ndio nilikuwa nakula unga asubuhi, mchana na jioni. Nilikuwa nalala chini ya maturubai ya malori. Kama mnaniandika mwovu, niandikeni mwovu wa kweli. Mbona mnanisafisha mahali ambapo sikuwa safi?"

Watu wachache walicheka. Afisa ustawi akashusha macho kwenye faili lake. Hakimu hakucheka. Na kabla mtu yeyote hajasema neno, Bibi Felista akainua mkono kama mwanafunzi.

"Hilo ni kweli, mheshimiwa," alisema. "Mimi simtetei. Lakini wakati wa msiba wa mwanangu huyu alikuwa hajijui. Alikuja kaburini na kiatu kimoja. Nimemwona kwa macho yangu haya. Hakuwa safi."

Nilikuwa bado nimesimama. Mtu anayedanganya hukataa pale anaposhitakiwa. Huyu alikuwa anakataa pale aliposafishwa, na mpinzani wake alikuwa anamuunga mkono. Nilivigeuza vile vipande vinne kichwani mwangu, cha kwanza kikawa cha mwisho, na kila kitu kikakaa mahali pake: unga mwingi wakati wa msiba, mabaki miezi iliyofuata, kisha hakuna, kisha hakuna. Nikaona glovu zangu zikiwa juu ya meza, na mlango umefunguliwa, na wageni.

Nilimwambia hakimu, "Mheshimiwa, naomba wiki moja nikaangalie sampuli iliyobaki."

"Kuna tatizo?" akauliza.

"Sijui bado. Ila naomba nisiaminiwe mpaka niangalie."

Asubuhi yake nilifungua kabati, nikatoa kile kishungi cha pili. Uzi wangu mweupe ulikuwa palepale, umefungwa vizuri, fundo zuri. Nikachomoa nywele kumi mojamoja nikaziweka chini ya hadubini. Unywele una magamba madogo, kama vigae vya paa, na magamba yote hutazama kwenye ncha. Tena upande uliokatwa kwa mkasi huwa bapa na safi, na ncha ya zamani huwa imechakaa, imepasuka kama ufagio. Nilitazama wa kwanza. Nikatazama wa pili. Nilipofika wa kumi nilikuwa nimeshajua tangu wa kwanza, lakini nilitaka mmoja tu unitetee. Hakuna aliyenitetea. Uzi ulikuwa kwenye ufagio.

Nilimpigia simu Mzee Kihombo. Alikuwa shambani, nilisikia jembe.

"Kamwene, mzee."

"Kamwene, mwanangu. Mbona sauti hiyo?"

Nikamweleza. Sauti ya jembe ikakoma.

"Umekunywa chai?" akauliza.

"Bado."

"Vizuri. Andika barua kwanza, chai baadaye. Ukinywa chai utaanza kupata mawazo."

Alikuwa sahihi, kwa sababu wazo lililetwa na mkuu wa kituo chetu, ambaye alikuwa ameshakunywa chai. Hakuwa mtu mbaya, na siandiki haya kumchafua. Aliniambia tumwite yule dada, tukate upya kimyakimya, tupeleke majibu mapya tukisema tumerudia kwa ajili ya uhakika. Hakuna atakayeumia. Kituo kitabaki na jina lake.

"Mtu ameshaumia," nikamwambia. "Amesimama mbele ya watu tukamwita teja kwa karatasi yangu."

"Mama Chaula, na kesi nyingine? Wakisikia hili, kila tuliyempima ataomba apimwe tena."

Swali hilo halikuwa la kijinga, na lilinikosesha usingizi kuliko barua yenyewe. Nilimjibu kwamba basi tuzitoe sampuli zote zilizobaki kabatini, tuziangalie moja baada ya nyingine. Tulifanya hivyo, mimi na yeye, kwa siku nne, tukipokezana hadubini. Alivua tai siku ya pili. Nyuzi zote nyingine zilikuwa kwenye shina. Tulipomaliza ya mwisho alikaa kwenye kiti changu, akasema, "Mungu ni mwema," akaipitisha barua yangu bila kubadilisha neno.

Barua ilikuwa ya sentensi tano. Nilifunga uzi upande usio wake. Majibu yamesomwa kinyume. Kosa ni langu, si la maabara iliyopima. Naomba radhi kwa mahakama na kwa Tumaini. Naomba sampuli mpya ichukuliwe mbele ya pande zote.

Hakimu aliisoma kwa sauti. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno ya hakimu, kumbe yalikuja kutoka kwenye benchi la mbele. Bibi Felista aligeuka akaniangalia.

"Mama," alisema polepole, "kwa hiyo mimi nimelia wiki nzima kwa sababu ya uzi?"

"Ndiyo, mama."

"Nilikuwa nimeanza kumwamini huyu binti. Alikuwa anakuja kijijini kila Jumapili, anakaa nje ya ua, hadai kuingia. Nikasema labda. Halafu wewe ukasoma karatasi lako, nikasema basi, na huyu naye nitamzika."

Nilisema, "Nisamehe, mama." Alinigeuzia mgongo, na alikuwa na haki.

Sampuli mpya ilikatwa ofisini kwetu, mlango umefungwa kwa ufunguo, simu zote zimezimwa. Walikuwepo Tumaini, afisa ustawi na Bibi Felista. Na hapo ndipo, wanangu, utaratibu wenu ulipozaliwa. Nilishika kishungi kikiwa bado kichwani kwa mwenyewe, nikafunga uzi palepale karibu na ngozi, nikawaita wote watatu waje waone fundo. Kisha ndipo nikakata, chini ya uzi. Nywele zilizofungwa zikiwa bado kichwani haziwezi kugeuzwa na wageni wa ukaguzi wala na mama mzee kama mimi mwenye mawazo mengi. Mnaona jinsi jambo lilivyo dogo. Lilinichukua karibu kazi nzima kulipata.

Bibi Felista alisogea sana, akainama hadi kofia yake ikagusa bega la Tumaini.

"Zimeanza kuwa nene," alisema, kama anayezungumza na nafsi yake. "Wakati ule zilikuwa zinadondoka."

Tumaini aliinamisha kichwa zaidi, na niliona machozi yakidondoka kwenye magoti yake. Nilimaliza kufunga foili nikijifanya sioni.

Wiki tatu za kusubiri zilikuwa ndefu kuliko zote nilizowahi kusubiri. Nilijua ninachokitarajia, lakini kutarajia si kujua. Ingewezekana pia kwamba nilikosea uzi na Tumaini bado anatumia. Ningekuwa nimempa matumaini mtu asiyestahili, na mtoto angeyalipa. Nyumbani walichoka na mimi. Nilitia chumvi kwenye chai.

Bahasha ilifika kwa basi la mchana. Nilimpelekea mkuu wa kituo bila kuifungua, akaifungua yeye, akasoma, akanipa. Sentimita tatu za karibu na ngozi: hakuna. Tatu zilizofuata: hakuna. Tatu za tatu: mabaki hafifu, ya kawaida kwa aliyeacha, maana kuna nywele ambazo huacha kukua na kubaki na habari zake za zamani miezi kadhaa. Tatu za mwisho: heroini, nyingi, kama mwenyewe alivyosema. Hata Dar es Salaam ilikuwa imemwamini mahali alipojishitaki.

Nilikwenda uani, nikasimama kwenye jua la Njombe ambalo halipashi mtu joto, na nikapumua mpaka mbavu zikauma. Sijawahi kuambiwa habari njema kuhusu mtu mwingine nikazipokea mwilini namna ile. Nilikuwa na miaka hamsini na tano na nilitamani kuruka. Sikuruka. Mlinzi alikuwa ananitazama.

Hakimu alitoa uamuzi wake wiki iliyofuata. Upendo atarudi kwa mama yake kwa hatua, kwanza siku za mwisho wa juma, kisha moja kwa moja, na Tumaini atarudi kwetu kukatwa nywele kila baada ya miezi mitatu kwa mwaka mmoja. Aliuliza kama kuna anayepinga. Watu wote waligeuka kumtazama Bibi Felista. Alitikisa kichwa: hapingi.

Nje kwenye korido mtoto alikuwa anasubiri na jirani yao wa kijijini. Alikuwa amekua, amefika miaka minne, amevaa sweta la rangi ya machungwa lililofumwa na bibi yake. Alipomwona Tumaini alijificha nyuma ya kitenge cha bibi. Mwaka mzima ni robo ya umri wake. Nilimwona Tumaini akianza kunyoosha mikono, kisha akajizuia. Akakaa chini, kwenye sakafu ile ya baridi, akaweka mikono yake mapajani, akangoja. Watu walikuwa wanapita wakimruka.

Bibi Felista alimtazama vile, kisha akamshika mtoto bega, akamtoa nyuma ya kitenge taratibu.

"Upendo," alisema, "huyu ni mama yako. Alikuwa anaumwa. Amepona."

Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na faili langu. Nimeandika ripoti nyingi sana maishani, na kwenye fomu zetu kuna nafasi ya kuandika urefu, uzito, rangi, kilichoonekana na kisichoonekana. Nafasi ya neno lile, amepona, haimo. Nilifunga faili nikaliweka kwapani, mtoto akapiga hatua moja, kisha ya pili.